Muhuri Bila Sindano

6 Februari 1983

Kwa mdogo wangu Kidomo,

Salamu zetu zikukute umefika, umekula na umeshapata pa kulala. Sisi hatujambo. Baba anakohoa asubuhi, lakini ni kile kikohozi chake cha kuuliza chai iko wapi. Tangu uondoke amehamia kwenye kiti chako pale mlangoni. Nikimuuliza, anasema anakipasha moto usije ukakikuta kimepoa. Macho yake yanazidi kuingia ukungu, kwa hiyo barua zako nitamsomea mimi. Andika ukijua hivyo.

Nyumba imekuwa kimya hadi inaudhi. Miaka yote nimekuwa nikikwambia ufunge huo mdomo, na sasa umefungwa najikuta naongea na birika. Kazini ni yale yale: foleni ya kina mama mpaka nje ya uzio, watoto wanalia kabla hata sijawagusa, na metroni wetu anapita na daftari lake akihesabu bomba za sindano.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kadi yako ya njano ina mihuri miwili ya chanjo ya homa ya matumbo, na tarehe zimepishana wiki nne kama inavyotakiwa. Mihuri ipo. Dawa haimo mwilini mwako, na hilo tunalijua wawili tu. Ulipolia pale chumba cha sindano, mwanamume mzima na ndevu zako, sikumwona fundi wa miaka ishirini na sita. Nilimwona mtoto wa miaka saba aliyesimama mlangoni akiangalia mama anavyochomwa sindano asubuhi na jioni, mpaka ikafika asubuhi ambayo hawakumchoma tena. Huruma ilinizidi. Nikapiga muhuri, na ulipokuja mara ya pili nikapiga tena. Sitaliandika jambo hili tena.

Kwa hiyo usijifananishe na wenzako. Hata aliyechanjwa haambiwi anywe maji ya mfereji, sembuse wewe. Maji ya kunywa yachemshe mpaka yatokote hasa, usiyaepue yanapoanza kutoa mvuke ukasema tayari. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula. Kula chakula cha moto. Tunda limenye mwenyewe. Na homa ikikushika siku tatu bila kuachia, usiite uchovu: nenda ukapimwe damu. Ugonjwa huu hauji na kelele. Unaingia pole pole kama mgeni mwenye adabu.

Baba anasema ufunge kifua, jioni kuna upepo. Sijui ameujuaje upepo wa huko.

Ni mimi, dada yako.


20 Februari 1983

Dada mpendwa, Sista wa Chumba cha Sindano, Kamanda wa Sabuni,

Shikamoo, na shikamoo ya Baba umpelekee pale kwenye kiti changu. Mwambie nakitaka kikiwa na joto lile lile. Barua yako ilichukua siku nane, nikaisoma nikiwa nimesimama kwa sababu Msumeno alikuwa amekalia kitanda changu.

Msumeno ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Ni mfungasha mizigo, mtu mwema sana mpaka anapofumba macho. Akishalala anakata mbao hadi alfajiri. Chumba chenyewe kina vitanda viwili vya chuma, dirisha moja linalotazama ukuta, na msumari wa kutundikia mashati. Mimi ninao msumari, yeye ana kamba. Tumeelewana.

Kiwanda ni kikubwa, dada. Msomee Baba hapa polepole. Kuna bwawa la maji ya chumvi lenye baridi kali, na ndani yake yanazamishwa makopo marefu ya bati yaliyojaa maji. Baada ya siku nzima unayainua na winchi, unayamwagia maji ya vuguvugu, na mche wa barafu unateleza nje mzima mzima, mrefu kuliko mimi. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine zinazotoa ile baridi hazichoki. Wiki ya kwanza moja ilikuwa inagonga, mafundi watatu wameshaishindwa. Niliweka sikio, nikabadilisha vali moja, ikanyamaza. Msimamizi hakusema asante ila alinipa ovaroli mpya, na kwa hapa hiyo ndiyo asante.

Baba aishie hapo. Hili ni lako.

Nafanya kila ulichosema. Nimenunua sufuria yenye kifuniko, nachemsha maji kila jioni kwenye jiko la mafuta mpaka kifuniko kinacheza. Msumeno ananiita Mpika Maji. Anauliza nitayatia chumvi lini. Mikono nanawa mpaka imeanza kupauka. Matunda namenya mwenyewe, hata ndizi naitazama mara mbili kwanza. Nilikuahidi siku ile nikishika mkono wako kwamba hutajuta, na hutajuta.

Shida ilikuwa moja tu, maji yaliyochemka hayapoi, na joto la hapa si mchezo. Lakini fundi hashindwi. Natia kipande cha barafu kutoka kiwandani, kile cha pembeni mwa mche, kiangavu kama kioo, na ndani ya dakika mbili nina maji ya kunywa yanayouma meno. Msumeno naye amekoma kucheka, analeta kikombe chake. Unaona? Usafi na raha pamoja.

Wako mtiifu kwa mara ya kwanza maishani,
Kidomo


3 Machi 1983

Kidomo wangu,

Baba amecheka ile habari ya ovaroli mpaka akashika ubavu. Aliniambia niirudie, nikairudia mara tatu, na sasa kila anayepita mlangoni anaambiwa mwanawe amenyamazisha mashine iliyowashinda mafundi watatu. Jana walikuwa saba. Mimi sijambo, miguu tu inavimba kwa kusimama.

Hebu nieleze. Hiyo barafu inatengenezwa kwa maji gani? Yanachemshwa kabla ya kutiwa kwenye makopo? Nani anayashika makopo hayo, na ananawa wapi? Najua jibu, usijisumbue. Barafu ni maji yale yale ya mfereji, mdogo wangu. Vijidudu vya ugonjwa huu baridi haiviui, vinasubiri tu vipate joto la tumbo lako. Umechemsha sufuria nzima kisha ukaurudisha mfereji ndani yake kwa mkono wako mwenyewe.

Nilipofika hapo nikijisomea kimoyomoyo, nilishtuka kwa sauti. Baba akauliza kuna nini, nikasema mwandiko wako mbaya.

Kosa ni langu. Nilikutajia maji, sabuni na matunda, sikutaja barafu. Sikuwaza kwamba mtu atafanya kazi ndani ya barafu. Acha leo hii. Maji yachemshe asubuhi uyaweke kivulini, yatapoa hadi jioni. Ukinywa ya vuguvugu hutakufa. Na Msumeno mwambie hivyo hivyo.

Nijibu upesi uniambie tumbo likoje na kichwa kikoje.

Dada yako.


24 Machi 1983

Kidomo,

Wiki tatu leo na sijapata mstari. Kwa kawaida barua yako hufika hata kabla hujaiandika. Baba ameacha kuuliza, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza. Anasikiliza kengele ya baiskeli ya mtu wa posta, ikishapita anajidai anatazama njia.

Kama una kazi nyingi, andika neno moja: mzima. Kama si kazi, niambie. Unajua wahenga wanavyosema, mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sijakulea ili uje kuumbuliwa.

Nakungoja.
Dada


26 Machi 1983

Dada mpendwa,

Shikamoo, na ya Baba. Msomee kwamba mwanawe yupo, anakula, na mashine zote zinaimba. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ya barafu niliipata, na siku ile ile niliacha. Msumeno aliomboleza.

Usishangae mwandiko kulala hivi, naandika kitandani. Kuna kijihoma. Kilianza tarehe kumi na saba hivi, kidogo tu, kichwa kinagonga na mwili mzito. Asubuhi naamka nikisema leo nimepona, jioni kinarudi na kimepanda kidogo kuliko jana. Hamu ya chakula hakuna. Choo nacho kimegoma, siku ya tano leo, kwa hiyo huwezi kusema ni ugonjwa wa tumbo, maana tumbo lingekuwa linaendesha. Unaona nimekuwa daktari.

Nilienda kwa daktari wa kampuni siku ya nane, ndiyo, najua ulisema tatu. Walinitoa damu. Dada, nilifumba macho nikahesabu mpaka mia na sikuzimia, ungejivunia. Damu ikaonyesha alama za homa ya matumbo. Daktari akaomba kadi yangu, akaitazama, akacheka. Akasema, "Wewe umechanjwa sindano zote mbili miezi miwili tu iliyopita. Hizi alama ni za chanjo, damu yako bado inaikumbuka. Hii ni mafua makali." Akanipa vidonge vya kushusha homa na ruhusa ya siku tatu.

Muhuri wako una nguvu kweli, dada. Hata madaktari wanauheshimu.

Nilitaka kusema. Neno lilifika mpaka hapa kwenye meno. Kisha nikaona jina lako pale chini ya muhuri, na cheo chako, na mwandiko wako mzuri. Mimi Kidomo nisiyeweza kufunga mdomo, nikaufunga. Kitapita tu. Usiwe na wasiwasi, na Baba usimsomee kuanzia pale nilipotaja kitanda.

Kidomo


3 Aprili 1983

Mdogo wangu, mwanangu,

Hakuna salamu leo, utanisamehe. Barua yako imefika saa nne asubuhi, nikaisomea stoo ya dawa kwa sababu hapo mlango unafungwa.

Hayo si mafua. Homa inayopanda hatua moja kila jioni, kichwa, choo kufunga, kuchukia chakula: hiyo ndiyo yenyewe, na mtu mzima mara nyingi huanza kwa kufunga choo, si kuendesha. Nimewafundisha wanafunzi hayo kwa mdomo wangu. Daktari wako si mjinga. Amesoma damu vizuri, kisha akasoma kadi, na kadi ndiyo iliyomdanganya. Kadi yangu. Mwenye chanjo mpya kweli damu yake huweza kuonyesha alama hizo, lakini wewe huna chanjo. Zako ni za ugonjwa.

Nimeambatisha karatasi ndogo ya kumpa daktari. Hii hapa nakunukulia ili ujue kilichomo:

"Daktari, mwenye kadi hii hakuchomwa sindano yoyote ya homa ya matumbo. Mihuri yote miwili niliipiga mimi bila kumchanja. Alama mlizoziona katika damu yake haziwezi kuwa za chanjo. Tafadhali aanzishiwe dawa ya homa ya matumbo leo, na vijidudu vilivyomo katika damu yake vioteshwe maabara kuthibitisha. Wa kulaumiwa ni mimi, si yeye."

Chini nimeweka jina langu, cheo changu na anwani ya kliniki. Mpe mkononi. Usingoje zamu iishe, usingoje Jumatatu. Ugonjwa huu ukifika wiki ya tatu unaweza kutoboa utumbo, na homa yenyewe huweza kushuka ukadhani umepona. Ukishushwa homa usifurahi. Ukisikia maumivu ya ghafla tumboni, waambie wakukimbize hospitali.

Leo pia nimekupigia telegramu: NENDA HOSPITALI KUBWA HARAKA BARUA YAJA. Nilitaka kuandika zaidi. Karani wa telegramu husoma kila neno kwa sauti akihesabu, na mke wake huniletea mtoto kila mwezi. Mengine yote yamo humu.

Usinionee huruma. Nakusihi, hiyo huruma tuliyoanza nayo ndiyo iliyotufikisha hapa. Kazi nitapata nyingine, hata kufua nguo za watu naweza. Toa karatasi.

Dada yako


12 Aprili 1983

Dada yangu,

Shikamoo. Natumai Baba hajambo na kiti bado kina joto. Nimeota nimerudi, nimemkuta amelala humo na mdomo wazi, nikamtilia punje ya mchele.

Telegramu niliipata tarehe tano. Nikampelekea daktari, akaisoma, akasema dada zetu wote wako hivyo, hata wa kwake. Akaitazama kadi tena. "Kila kitu kiko sawa," akasema. Nilirudi chumbani nikiwa na vidonge vingine vya homa. Sitakudanganya, siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Msumeno alikuwa akinifuta uso kwa shati lake na kunisemesha, anasema nilikuwa nazungumza na mama. Alichemsha maji mwenyewe kila jioni. Mpika Maji sasa ni yeye.

Barua yako imefika jana. Na jana hiyo hiyo, dada, homa imeshuka! Wiki nzima haijawahi. Nimekula uji nusu bakuli. Nimekaa kitako. Najua umeandika nisifurahi, lakini wewe hujaliona hili bakuli.

Basi nimefikiri hivi. Kama nimeshapona, karatasi ile itaponya nini? Itakuvua tu sare yako. Miaka kumi na saba, dada. Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukaacha mambo yako yote ukanilea, na hiyo sare ndiyo kitu pekee ulichojishonea mwenyewe. Mimi niliogopa sindano, mimi nilikushika mkono, mimi nilisema piga muhuri tu nani atajua. Siwezi kukuvua nguo ili nijifunike mimi.

Nimeichana vipande vinne. Nimeviweka chini ya mto, mtu asije akaviokota kwenye pipa. Usikasirike sana. Nikipata nguvu nitakuja likizo, utanichoma sindano zote unazotaka, na nitakaa kimya. Nakuapia.

Msomee Baba kwamba mwanawe amekula.

Kidomo wako


5 Juni 1983

Kwa Kidomo,

Nimekaa muda mrefu nikiitazama hii karatasi kwa sababu sijui naanzaje. Siwezi kuuliza hali yako. Nikianza na yetu, Baba yuko kwenye kiti, hakohoi, haulizi chai. Mimi nipo.

Telegramu ya kampuni ilikuja tarehe kumi na saba Aprili. Barua yako ya uji nusu bakuli ilikuja siku tatu baadaye. Niliisoma ukiwa umeshazikwa, na kwa dakika moja nzima, nakwambia ukweli, niliamini barua. Niliinuka kwenda kumwambia Baba kwamba umekula.

Sanduku lako limefika wiki iliyopita. Ovaroli imefuliwa na kupigwa pasi, nadhani ni Msumeno. Spana zako zimefungwa kwenye gazeti. Sufuria na kifuniko chake. Barua zangu zote, na kadi ya njano. Na barua ya Msumeno, ameiandika kwa herufi kubwa kama mtu asiyezoea kalamu.

Anasema siku ya tarehe kumi na nne, mchana, ulipiga ukelele mmoja ukashika tumbo. Likawa gumu kama ubao. Ulimwambia atoe vipande chini ya mto, akavipanga juu ya godoro, akaanza kuvibandika kwa plasta ya kidonda. Vilikuwa vinne, yeye akataka kubandika vyote. Ukamzuia. Ulichukua kimoja ukakifumbata mkononi, ukasema, "Hiki si cha daktari. Hiki ni cha dada." Akakimbia na vitatu. Daktari alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena, kisha akaita gari yeye mwenyewe. Msumeno anaandika kwamba alilia njiani, daktari. Walikupasua jioni ile. Dawa yenyewe ulianza kupewa siku hiyo, vidonge ambavyo kwetu vimejaa kopo zima kwenye stoo, navihesabu kila Ijumaa. Ukaishi siku mbili.

Kipande cha nne alikiweka ndani ya kifuko cha ovaroli akakifunga kwa kifungo. Kina jina langu, cheo changu na anwani ya kliniki. Kimekunjamana kwa jinsi ulivyokishika.

Mdogo wangu, sasa nitasema lile nililolikataa. Telegramu ile. Ingetosha kuandika HAKUCHANJWA. Neno moja. Ungempa daktari siku ile ya tarehe tano, angeliamini, maana alikuwa na kila kitu kingine mbele yake. Nilisimama dirishani na fomu, nikaliandika neno, karani akanisalimia akaniuliza mtoto wake arudi lini kwa chanjo, nikalikata. Nikasema barua inatosha. Siku sita, Kidomo. Wewe ulificha ili kunilinda mimi, na mimi nilificha ili kujilinda mimi. Hatukufanana kabisa.

Baba aliniuliza jioni ya siku ilipofika barua ya uji. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kujua soko limefungwa saa ngapi.

"Ni homa gani?"

"Homa ya matumbo, Baba."

"Si ina sindano hiyo? Si ulimchoma wewe?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia yote, nimepiga magoti sakafuni, mkono kwenye goti lake. Hakunipiga, hakunifukuza, wala hakunishika. Alikaa. Kisha akasema, "Niletee barua zake. Soma tena tangu mwanzo, na mara hii usiruke." Nikasoma yote, ya barafu, ya kitanda, ya muhuri wangu wenye nguvu. Nilipofika kwenye punje ya mchele alicheka, na kicheko hicho hakikutoka vizuri. Akasema nirudie hapo. Nikarudia.

Jumatatu baada ya sanduku kufika nilikwenda kazini mapema. Nilibeba karatasi yenye vipande vitatu, daktari alikuwa ameirudisha pamoja na kadi. Nikakaa chumba cha sindano, nikachukua plasta, nikakibandika kipande cha nne mahali pake. Uliniachia ili nikiteketeze, najua, maana bila jina langu karatasi ile haikuwa ungamo la mtu. Ni zawadi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na sikuweza kuipokea. Nikaingia kwa metroni nikaiweka mezani mbele yake, na juu yake nikaweka muhuri. Alisoma. Hakuniuliza kwa nini, aliuliza ni wangapi wengine. Nikasema ni mmoja tu. Akavuta daftari lake. Wamenisimamisha, na shauri langu litasikilizwa mwezi ujao. Sitajitetea.

Lakini kabla sijatoka siku ile alikuja kijana mmoja msafiri, mwenye kadi mpya. Metroni alikuwa bado anaandika, hapakuwa na mwingine, akaniashiria nimhudumie mara ya mwisho chini ya macho yake. Alipoona bomba alirudi nyuma mpaka ukutani. Akaanza kunibembeleza: sista, mimi sili ovyo, sista, niandikie tu. Akanishika mkono kama ulivyonishika wewe. Nikamshika. Nilimshika kwa nguvu mpaka nikamwachia alama, nikamchoma, akalia, akanitukana tusi ambalo hata wewe hulijui. Nikamwambia arudi baada ya wiki nne kwa ya pili, na maji achemshe, na barafu asiiguse.

Alitoka bila kuniaga. Nilimsikia nje akimwambia mwenzake kwamba yule mwanamke hana roho.

Ndivyo nilivyopaswa kukufanyia. Ningefunga mlango, nikakukalia kifuani kama ulivyokuwa mdogo unakataa kuogeshwa, nikakuchoma mara mbili, ukaondoka umenuna bila kunipa mkono. Usingeniandikia hata barua moja. Ningekaa hapa na Baba tukisema yule mtoto ana kinyongo, miezi minne sasa hataki hata kutusalimia.

Natamani leo ungekuwa mahali fulani, umenikasirikia.

Dada yako